Historia ya Lamiat Khamphu, Mwigizaji Aliyejifunza Maneno Yasiyosikika

Waheshimiwa watawa, wazee wetu wa Phayuha Khiri, ndugu, majirani na nyote mliofika hekaluni mchana huu, kabla hatujapanda ngazi kuweka maua ya msandali kwenye jeneza na kabla moto wa kumchoma marehemu haujawashwa, familia imenituma mimi, Orathai, binti wa mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya Mama Mkubwa wetu, Lamiat Khamphu, ambaye wachache kati yenu mlimjua kwa jina lake la filamu, Darin Phanphilat, na wengi wenu, nadhani, mlimjua kama yule bibi mshonaji wa karibu na gati aliyekuwa akiongea peke yake dirishani. Alikuwa anafanya mazoezi, na nitaeleza.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Novemba 1939, hapa hapa Phayuha Khiri, mkoa wa Nakhon Sawan, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Bwana Khian Khamphu, mpiga ngoma wa kundi la likay, yale maigizo yetu ya kuimba, na marehemu Bibi Bunruean, aliyeuza ndizi za mvuke sokoni, na mdogo wake wa pekee alikuwa mama yangu, marehemu Samniang, aliyemfuata kwa miaka sita.

Alisoma katika shule ya hekalu hili kuanzia mwaka 1946, akamaliza darasa la nne mwaka 1950, na kwa kuwa baba alizunguka na kundi lake wakati wa mavuno, naye alizunguka pamoja nao, akilala nyuma ya jukwaa juu ya masanduku ya mavazi, na huko ndiko alikomwona mwigizaji mkuu wa kike wa kundi akiurudiarudia wimbo wake mbele ya mtungi wa maji, akamuuliza, "Shangazi, mbona unauambia mtungi?" na yule mama akajibu bila kugeuka, "Kwa sababu mtungi haunikatizi, wewe mtoto!" Mama Mkubwa alikuwa akilisimulia jambo hili huku akicheka hadi machozi yanamtoka, na ni moja ya mambo machache ya utotoni aliyopenda kuyasimulia.

Mwaka 1957 alikwenda Thonburi kujifunza kushona, akapata cheti chake tarehe 30 Septemba 1958, akaajiriwa na duka lililoshonea kampuni ndogo ya filamu, na tarehe 22 Juni 1959, alipopeleka mavazi mahali filamu ilipokuwa ikipigwa, akakuta mwigizaji wa kuigiza mjakazi amelala na homa, mwongozaji, Bwana Prayong, amekasirika, jua linazidi kupanda, na Bwana Prayong akamwangalia akamwambia, "Wewe wa cherehani, unaweza kubeba sinia bila kuitazama kamera?"

"Naweza," alijibu, "lakini huyu mjakazi anampenda bwana wa nyumba au anamwogopa?"

"We beba sinia tu!"

Akalibeba, akapita nalo mlangoni, na Bwana Prayong, ambaye alikuja kutusimulia mwenyewe hapa nyumbani miaka mingi baadaye, alisema vikombe juu ya sinia vilitikisika kidogo sana alipompita bwana wa nyumba, basi, kidogo tu, na mpiga kamera akasahau kuzima mashine, akamfuata na kamera hadi jikoni. Kuanzia siku hiyo hakurudi dukani, na mwaka 1961 alipewa jukumu lake la kwanza kuu.

Vijana mliopo hapa hamkuziona filamu za wakati ule, hivyo ni lazima niseme kwamba zilipigwa bila sauti, msomaji alikaa nyuma ya kamera akisoma maneno kwa nguvu, mwigizaji akachezesha midomo, kisha filamu ilipofika ukumbini, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliketi kwenye chumba cha nyuma na maikrofoni, wakayasema maneno yote papo hapo watazamaji wakitazama, na hao ndio tuliowaita watia sauti, na umaarufu wao haukuwa mdogo. Kwa sababu hiyo waigizaji wengi hawakujisumbua kujifunza maneno yao, waliosema moja mbili tatu nne walisema, waliotaja majina ya vyakula walitaja, na mwigizaji mmoja wa kiume aliyependwa nchi nzima, ambaye sitamtaja kwa heshima ya wajukuu zake, alikuwa akimshika Mama Mkubwa mikono kwenye matukio ya mapenzi, machoni machozi, mdomoni, "Bata wa kuchoma, bata wa kuchoma, mchuzi pembeni," makusudi amchekeshe.

Hakucheka hata mara moja, wala hakusema moja mbili tatu, alijifunza kila neno la kila filamu, usiku akamsomesha mama yangu sehemu za wengine ili yeye ajibu, na Bwana Prayong alipochoka kumsubiri akamwambia, kwa jina lake la kifupi, "Miat, hesabu tu kama wenzako, nani atakusikia?" Akamjibu, "Nitajisikia mimi, Bwana Prayong. Nikihesabu, uso unakuwa uso wa mtu anayehesabu."

Alipoigiza mwuza tambi za mchele, aliomba apewe meza katika soko la Phetchaburi, mahali ambapo filamu zake zilikuwa hazijafika sana, akauza tambi msimu mzima wa mvua, akitukanwa kama mwuzaji mwingine yeyote, "Dada, tambi zako zimevimba kama vidole vya maiti, unatuuzia au unatuzika?" naye akiinamisha kichwa na kupika upya, mpaka mikono yake ikajifunza kuchuja tambi bila macho kuangalia, na hilo ndilo alilolitaka, kwa sababu katika filamu mwanamke yule anachuja tambi huku akimtazama mumewe akiondoka.

Tarehe 20 Aprili 1964, mjini Nakhon Sawan, marehemu alifunga ndoa na marehemu Bwana Sanguan Rueangrit, mtia sauti, mtu mchangamfu mwenye sauti iliyojaza ukumbi, ambaye alimposa kwa maneno haya mbele ya babu na bibi yangu, "Kila jioni namtongoza ukumbini, na kila jioni ananijibu Chaluai. Leo nataka anijibu mwenyewe." Chaluai alikuwa mtia sauti mwenzake, mwanamke mwenye sauti laini na tamu, ndiye aliyemsemea Mama Mkubwa katika karibu filamu zake zote, na nchi nzima iliamini kwamba sauti ile ni ya Darin, hali Mama Mkubwa wetu, kama mnavyokumbuka, alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti ya mtoto wa mpiga ngoma.

Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1966 na kufariki tarehe 11 Machi mwaka huo huo, na aliitwa Kaeo. Naomba jina hilo lisikike hapa leo, kwa sababu halikuwahi kusomwa mahali popote.

Mwezi Julai mwaka ule ule alitakiwa kupiga tukio ambalo mama anambembeleza mtoto wake alale ndani ya mtumbwi, Bwana Prayong alitaka kulifuta, akamwambia, "Miat, tutaonyesha maji ya mto yakipita, watu wataelewa," naye akasema, "Walete mtoto." Wakamletea mtoto wa jirani, akaketi naye mtumbwini, msomaji akafungua karatasi zake lakini hakusoma chochote, kwa kuwa Mama Mkubwa alianza kuimba wimbo aliokuwa ameutunga mwenyewe alipokuwa mjamzito, akauimba wote kwa sauti yake nzito, na mama yangu, aliyekuwa ameshika mwavuli ufukweni, alisema aliusikia wote mpaka mtumbwi ukagota kwenye nguzo. Kamera haikubeba sauti ile. Filamu ilipoonyeshwa, Chaluai aliimba pale wimbo wa kubembelezea watoto ambao kila mtu anaujua, na watu wakalia ukumbini, wakamlilia Darin kwa wimbo usiokuwa wake.

Alirudi kazini, akafanya filamu nyingine na nyingine, na alikuwa mpweke kwa namna ambayo hata mama yangu hakujua aisaidieje, kwa maana barabarani alizungukwa na watu, wakamgusa nguo, wakamwambia, "Dada Darin, hebu sema kidogo tuisikie ile sauti yako tamu," naye akatabasamu, akainama, akaondoka kimya ili asiwavunje moyo.

Mwezi Januari 1968 mwalimu wa shule moja ya viziwi ya Bangkok aliwaleta wanafunzi wake kutazama filamu ikipigwa, na wakati wa mapumziko akamwendea Mama Mkubwa, akamsalimu kwa kuunganisha viganja, akasema, "Samahani, dada, wanafunzi wangu wanazipenda sana filamu, lakini kwenye mapenzi huwa wanacheka, wananiambia yule bwana anaongelea bata." Watu wote pale wakaangua kicheko, na yule mwigizaji akawa mwekundu kama pilipili, na mwalimu akaendelea, "Wewe hawakucheki. Wanasema wewe unasema kweli."

Kisha akamsukuma mbele msichana mmoja aitwaye Buppha, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano, aliyekuwa amefunzwa kusoma midomo na kusema kidogo, na msichana yule akamtazama Mama Mkubwa mdomoni, akasema kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka, neno kwa neno, "Lala, mto umelala, mitumbwi imefungwa, baba anakuja na taa." Alikuwa ameiangalia filamu ile ya mtumbwi mara nyingi kiasi hicho. Mama Mkubwa akamshika mabega, akamuuliza taratibu, akifungua midomo vizuri, "Na halafu?" Buppha akasema, "Halafu uligeuza uso, sikuona."

Basi akaketi naye chini pale pale, juu ya nyaya za taa, uso kwa uso, akamwimbia wimbo mzima kuanzia mwanzo.

Bwana Sanguan aliondoka nyumbani tarehe 12 Oktoba 1969, akaenda kuishi na Chaluai, na leo, wakiwa wote wawili wametangulia, familia haina neno baya juu yao, ila nitasema alichomwambia mama yangu akiwa mlangoni na sanduku lake, "Shemeji, kila filamu mpya inamleta mwanamke mwingine humu ndani, mara mwuza tambi, mara mjane, mara mwendawazimu, nagonga hodi na sijui leo nitafunguliwa mlango na nani. Chaluai nikimgongea anafungua Chaluai." Mama Mkubwa alimsikia kutoka jikoni, na hakumjibu, na mama yangu alipomuuliza baadaye kwa nini hakujibu akasema, "Kwa sababu hajasema uongo."

Filamu za sauti zilipoingia kwa nguvu, alipewa jukumu kuu katika filamu iliyopigwa mwaka 1971, na kwa mara ya kwanza sauti yake mwenyewe ilirekodiwa, baada ya kujitayarisha kwa karibu mwaka mzima, akasafiri na mama yangu hadi Nakhon Sawan mjini kwenda kuitazama ikionyeshwa kwa majaribio mbele ya watu, kwa kuwa alitaka kuisikia akiwa kati ya watu wa kwao. Taa zikazimwa, uso wake ukajaza skrini, akafungua mdomo, na ukumbi ukacheka. Walidhani mashine imeharibika. Mzee mmoja akasimama kwenye kiti akapiga kelele, "Mrudishieni sauti yake, jamani!" na wengine wakaitikia, "Mrudishieni!" na Mama Mkubwa akabaki ameketi gizani, amefunga kitambaa kichwani asijulikane, akasema polepole, mama yangu tu akamsikia, "Hii ndiyo."

Wenye filamu wakaamua iwekwe sauti ya Chaluai. Ndugu waombolezaji, Mama Mkubwa alikuwa na haki ya kukataa, mkataba wake ulimruhusu, na watu wote wa nyumbani walitaka akatae, mama yangu alimwambia waziwazi, "Dada, mume kachukua, sauti kachukua, umbakishie nini, kivuli?" Mama Mkubwa akajibu, "Filamu haina kosa, Samniang. Ikitolewa hivi watu watacheka, na yule mwanamke niliyemwigiza si wa kuchekwa."

Hivyo tarehe 7 Februari 1972 akaenda mwenyewe kwenye studio ya sauti huko Bangkok, bila kuitwa, akavuta kiti akaketi kando ya Chaluai, na kwa siku zote za kazi ile akamfundisha kila pumzi, mahali pa kumeza mate, mahali pa kuacha neno likatike, na mama yangu, aliyekwenda naye kwa kuogopa vita, alisema alilolisikia huko lilikuwa hili:

"Hapo usilie, Chaluai. Huyu halii hapa."

"Lakini mumewe amekufa, dada."

"Amekufa, ndiyo, na wageni wako sebuleni. Atalia akifika jikoni, akiona bakuli la mumewe. Hapa anawauliza kama wamekula. Sema, 'Mmekula?' Sema kama mtu anayetaka kujua."

Chaluai akasema, "Mmekula?" mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, na mara ya nne akainamia maikrofoni, akalia yeye mwenyewe, si mwanamke wa filamu, akasema, "Dada Lamiat, mimi sijui nikuangalieje," na Mama Mkubwa akampa kitambaa, akasubiri amalize, kisha akamwambia, "Usiniangalie mimi. Angalia mdomo wangu pale kwenye skrini. Twende tena."

Filamu ile ilisifiwa sana, na sauti yake ilisifiwa zaidi ya vyote, na baada yake marehemu hakuigiza tena Bangkok. Alirudi Phayuha Khiri mwezi Mei 1973, akanunua cherehani, akashonea makundi ya likay ya mikoa mitatu, na nakala za filamu zake, zilizozungushwa ukumbi baada ya ukumbi hadi zikakatika, hatukufanikiwa kupata hata moja, tumetafuta, tumeuliza, hakuna, kwa hiyo hamna hapa leo picha inayotembea ya kuwaonyesha. Kilichobaki ni kwamba jioni, cherehani ikinyamaza, aliketi dirishani akasema maneno ya wanawake wale, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake, na mkapita njiani mkasema bibi anaongea peke yake, nasi hatukuwasahihisha kwa kuwa yeye hakutaka.

Mwaka 2014 kijana mmoja mwanafunzi wa filamu, Thitiwat, ambaye yuko hapa leo, alimwomba aigize bibi anayesubiri basi, bila maneno, na Mama Mkubwa, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, akawa kila asubuhi anakwenda kituo cha basi na kikombe cha chai ya barafu, kusubiri, akirudi nyumbani ananiambia, "Leo nimesubiri vibaya, Orathai. Nilikuwa nasubiri kama mtu anayejua basi litakuja." Filamu ilipokuwa tayari tukaenda kuitazama, na katika kukatwakatwa ulikuwa umebaki mkono wake tu, umeshika kikombe. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye akamwita Thitiwat, ambaye alikuwa ameanza kuomba radhi, akamwambia, "Usiombe radhi, mkono unatosha, lakini umeukata mapema. Barafu ilikuwa bado haijagota ukingoni mwa kikombe, nilikuwa naisubiri hiyo." Akarudi nyumbani akala wali na samaki wa kukaanga, amefurahi kabisa, na mimi sikulala.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Agosti 2018, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye ya mkoa, ambako alilazwa mara ya mwisho tarehe 21 Mei mwaka huu wa 2019, katika wodi ya wanawake, na hakuna mgeni mwingine aliyekuja wiki ya kwanza isipokuwa mimi. Siku moja nikamkuta amemkazia macho mgonjwa wa kitanda cha jirani, nikamnong'oneza, "Mama Mkubwa, usimtazame mgonjwa wa watu hivyo, si adabu," naye akanijibu kwa pumzi fupi, "Umeona anavyokunywa maji? Anafunga macho kwanza. Mimi yule mjane nilimfanya afungue. Nilikosea."

Ni katika wodi hiyo ndipo alipojua kwamba mimi ndiye nitakayesoma hapa, akaniambia nisome mbele yake niliyokwisha kuyaandika, nikakataa, akasisitiza, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda katika jambo la kazi, nikasoma. Alinisimamisha mara nyingi. Aliniambia nisipaze sauti kwenye habari ya Bwana Sanguan, nisilifanye jina la Kaeo kuwa zito, nilisome kama jina la mtoto, na kwenye shukrani alinikatiza nilipoanza kulia, akasema, "Hapo usilie. Watu wanasubiri kusikia majina yao. Ukilia watayakosa."

Marehemu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru Daktari Kanokrat na wauguzi wote wa wodi ya wanawake, waliomwita Bibi na wakamruhusu kuketi upande wa dirisha. Inawashukuru majirani wa gatini, hasa Bwana Thongyu aliyembeba hadi kwenye gari, na Bibi Sa-ing aliyepika siku zote hizi za msiba. Inawashukuru makundi ya likay yaliyotuma ngoma. Inamshukuru kijana Thitiwat na wenzake. Inamshukuru Bibi Buppha, aliyesafiri kutoka Bangkok na ameketi mstari wa mbele, ambapo mwanawe anamfikishia kwa ishara za mikono maneno haya ninayosoma. Inawashukuru watawa wetu.

Alisema pia nikifika mwisho nisikimbilie kukaa, kwamba wasomaji wote wa hekaluni hukimbilia viti vyao, nami nisimame kidogo, watu wapate muda.

Mama Mkubwa, pumzika. Nimesimama.